Walimu na wadau, sosholojia sekondari unaianzishaje wakati haina kipindi wala karatasi ya NECTA (Baraza la Mitihani)?

Mwl_Chaki

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu huku kanda ya kati, nafundisha Historia na GS (General Studies) kidato cha tano na sita, wengi wao HGL na HKL (Historia na Kiingereza, pamoja na Jiografia au Kiswahili). Chuo nilisoma BAED (digrii ya ualimu) ila mwaka wa pili nikachukua kozi mbili za sosholojia, yaani somo la jinsi watu wanavyoishi pamoja kwenye jamii, kama opsheno, na niseme ukweli ndo kitu pekee cha chuo ambacho mpaka leo nikipanda daladala bado nakiona kinatembea, kuanzia anayepishwa kiti mpaka konda anavyomwambia huyu "mama shuka taratibu" na yule "we dada sogea nyuma".

Shida yangu ni kwamba watoto wanamaliza form six hawajui kama hilo somo lipo duniani. Wanakutana nalo siku ya kuombea chuo. Mwaka jana binti mmoja, na ni mzuri tu darasani, alikuja na simu ya mama yake ananiuliza "sir hii Sociology ni ya mambo ya sosho midia?" Nikacheka kwanza, af usiku nikajisikia vibaya maana mwalimu wake kwa miaka miwili nilikuwa mimi.

Ofisini nilijaribu kuligusia, mwalimu wa Jiografia akauliza "sasa hilo NECTA wanalitungia karatasi ngapi?", watu wakacheka, chai ikaendelea. Mkuu wa shule hajakataa, kasema nichukue Jumatano saa tisa na nusu muda wa klabu, ambapo kuna debeti, kuna Malihai (klabu ya wanyamapori na mazingira), kuna mpira, kwa hiyo nagombania watoto na mpira. Sina kitabu, sina bajeti, nina dakika 40 na ubao.

Naomba mawazo, hasa kwa waliowahi kujaribu. Mnaanzaje na watoto, na hawa walimu wenzangu nawaingizaje maana peke yangu nikihama shule kila kitu kinakufa.

Deiwaka_Msomi

Mwalimu kwa heshima zote usiwapoteze watoto wa watu. Mimi nina digrii ya Sociology ya 2017 na hapa ninapoandika nimekaa kwenye bajaji ya mtu, nasubiri abiria. Nilituma maombi ya Afisa Maendeleo ya Jamii mpaka nikaijua ile portal ya ajira kuliko walioitengeneza. Wafundishe watoto kufuga kuku.

bibi_maendeleo

@Deiwaka_Msomi pole mdogo wangu, sikukatishi, ajira ni chache kweli na mwaka wangu tuliopata tulihesabika. Mimi ni afisa maendeleo wa kata. Ila mwalimu hajauliza habari ya ajira jamani, kauliza watoto waijuaje. Na tukianza kuliuza somo kwa ajira tutakuwa tunadanganya, mbona Historia hatuulizi mtoto ataajiriwa na nani.

Niwape mfano wa kazini. Kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vikundi vinakuja na katiba safi imechapwa, mwenyekiti, katibu, mhazini, muhtasari wa vikao, kila kitu. Mara ya kwanza naanza kazi nilikuwa naangalia karatasi. Sasa hivi nauliza swali moja tu, "mwenzenu akifiwa mnafanyaje?" Kikundi cha kweli watanijibu wote kwa pamoja wanagombania kuongea, huyu anapika, yule anakusanya, mchango wa msiba ni kiasi fulani. Kikundi kilichoundwa wiki iliyopita kwa ajili ya hela wanaangaliana. Na kuna kimoja nilikuja kugundua ni mama mkwe na wakamwana zake wanne na jirani mmoja wa kuongezea, mama mkwe ndo mwenyekiti, mhazini na maamuzi, sasa hapo mkopo ukitoka umemkopesha nani?

Hilo swali la msiba sikufundishwa kwenye semina yoyote, limetokana na kusoma jamii. Mwalimu wafundishe watoto kuuliza maswali ya namna hiyo, mtihani uje usije.

Mzee_wa_HKL

Mwl_Chaki nimefundisha miaka 20 na zaidi, Kiswahili na Historia, na klabu ya namna hiyo niliwahi kuianzisha ikafa ikafufuka, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Kosa langu la kwanza, nilianza na Comte, yule aliyelipa somo jina. Nikaandika ubaoni jina, Mfaransa, miaka ya 1830, watoto wakaandika kwenye madaftari kama wanavyoandika kila kitu, wiki ya pili wamebaki 6. Kosa la pili nikasema ngoja nilete kitu kizito, nikaleta Durkheim, mwanasosholojia mwingine wa Kifaransa, na utafiti wake wa 1897 kuhusu watu kujiua. Usifanye hivyo. Darasa lilikuwa kimya namna ambayo si nzuri, baadaye mtoto mmoja alibaki nyuma na ikabidi nimpeleke kwa mwalimu wa malezi. Ni kazi kubwa ile ila si ya klabu ya Jumatano na watoto ambao hujui nyumbani kumepita nini.

Kilichofanya kazi ni kadi ya mchango wa harusi. Nilichukua moja iliyokuwa kwenye droo yangu, nikaibandika ubaoni jina nimelifunika. Mnazijua, "familia ya Bw. na Bi. fulani inayo heshima kubwa kukuomba mchango wako wa hali na mali", af chini, single 50,000, double 100,000. Nikauliza, nani kapanga hivyo viwango? Usipotoa utakamatwa? Hakuna polisi, hakuna sheria ya Bunge, sasa mbona baba anakopa ili achangie? Wakaanza kulipuka. Mmoja akasema mama yake ana kaunta buku kabisa, ameandika kila aliyechangia send-off ya dada yake na kiasi, na kadi ikija anafungua daftari kwanza kabla hajafungua pochi. Mwingine akasema kwao ukichangiwa 50 huwezi kurudisha 30, ni tusi, ila ukirudisha 200 nayo ni tusi la aina yake.

Hapo sasa ndo nikawaambia, kuna Mfaransa anaitwa Mauss mwaka 1925 aliandika kwamba zawadi ina lazima tatu, kutoa, kupokea na kurudisha. Na Durkheim mwaka 1895 alishasema kuna vitu vipo nje ya mtu na vinamsukuma bila yeye kupenda. Walielewa kwa dakika 5 kitu ambacho chuo nilikielewa kwa muhula mzima, sababu mama yake mtu ana daftari kabatini.

Halafu kijana mmoja wa nyuma, mkimya sana yule, akasema "sir sisi kwetu hatuletewi kadi". Hakuna aliyecheka. Nikawa natafuta la kusema, sikupata, nikaandika ubaoni neno TABAKA tukaishia hapo. Mpaka leo naona ndo kipindi bora nilichowahi kufundisha na sikukipanga.

Sasa sikiliza na balaa lake. Niliwatuma wakaulize nyumbani, binti mmoja mwenye bidii kupita kiasi akakopi daftari la jirani yao, majina na viwango, akaja kubandika manila ukutani kwenye darasa. Siku ya kikao cha wazazi mwenye jina lake akalikuta, elfu 10 double, mbele ya watu. Nisiwafiche, aliingia ofisini kwa mkuu anatetemeka na mimi nikaitwa, klabu ikafungwa muhula mzima. Na alikuwa na haki. Kwa hiyo kabla hujamtuma mtoto hata mmoja fundisha hili kwanza, jina halitoki nyumbani, unaomba ruhusa, mtu akisema hapana ni hapana, na karatasi ikishahesabiwa inachanwa. Fanya zoezi la kuomba ruhusa darasani, mmoja awe mama mkali, wanapenda sana hilo igizo.

Kuhusu walimu wenzako, usiwaombe wajifunze somo jipya, hawana muda, wana maandalio ya masomo, wana zamu, wana kikoba. Waombe kitu ambacho tayari wanacho. Mwalimu wa Kiswahili ana isimujamii kwenye silabasi, kwanini mtu akiongea na mkwe anabadilisha lugha, hiyo ni sosholojia imevaa kanga. Civics ina familia, jinsia, utamaduni, umaskini, utandawazi. Huyo wa Jiografia aliyekucheka, A-level ana mada ya utafiti wa uwandani, sampuli, dodoso, majedwali. Mwambie "mwalimu watoto wangu wameharibu dodoso, njoo unisaidie kulirekebisha". Mwalimu huwa hakatai kusahihisha.

MtuWaPwani

Mzee_wa_HKL nimekusoma mpaka mwisho, ahsante sana sheikh wangu. Naongeza moja. Huku kwetu mimi nilipata upinzani wa namna nyingine, wazazi walisikia "somo la kizungu la kuchunguza familia za watu", na mzazi mmoja mtu mzima tunayemheshimu akaniambia mwanangu hayo mambo yanafundisha watoto kudharau wakubwa. Sikubishana nae, nikamuuliza kama amewahi kumsikia Ibn Khaldun. Akasema huyo alim namjua. Basi nikamwambia huyo ndo nataka kuanza nae.

Mzaliwa wa Tunis 1332, kitabu chake cha Muqaddima kakiandika 1377, yaani karne 4 na nusu kabla ya huyo Comte. Anaeleza asabiya, ule mshikamano unaofanya kundi la watu wa jangwani wenye shida pamoja waweze kuuchukua utawala, af wakishakaa mjini kwenye raha mshikamano unalegea, na ndani ya vizazi 3 hivi wanakuja wengine wenye njaa wanawatoa. Vijana wangu wakauliza bila kuambiwa, je timu ya mtaa ikipata mfadhili? Na ukoo ukigawana shamba? Nilikaa pembeni nikawasikiliza tu.

Yule mzee sasa hivi ananiuliza mimi klabu lini tena.

Ila jina. Sisi tuliita Klabu ya Elimujamii, sosholojia watoto wa form two walikuwa wanaiogopa kama ugonjwa. Maneno ya Kiswahili yapo, ujamiishaji (socialization), kaida, tabaka, dhima. Wakishaelewa kwa Kiswahili ndo uwape ya Kiingereza kwa ajili ya chuo. Nimeona mtoto anashindwa kujibu "what is socialization" na anaweza kukueleza dakika 10 jinsi unyago unavyomtengeneza binti, kitu ni kile kile jamani.

Deiwaka_Msomi

Naona mnanipa hamu ya kurudi darasani bure. Haya niulize, hiyo tofauti ya "shida yangu" na "shida ya jamii" mnafundisha? Maana hiyo ndo iliyonisaidia mimi nisichanganyikiwe. Kuna Mmarekani Mills, 1959, anasema mji wa watu laki moja akikosa kazi mmoja mwangalie yeye, tabia yake na ujuzi wake, ila nchi ya wafanyakazi milioni 50 wakikosa milioni 15 acha kumwangalia mtu mmoja mmoja, angalia nchi. Nilikaa nyumbani mwaka mzima najiona mjinga mpaka nikakumbuka hiyo notsi.

Mzee_wa_HKL

@Deiwaka_Msomi umeona sasa. Na mfano wa shuleni upo hapo hapo. Mtoto mmoja akipata F ya Basic Mathematics muulize yeye. Wakipata F wengi kuliko wanaofaulu, nchi nzima, mwaka baada ya mwaka, bado tutasema watoto ni wavivu? Ila huo mfano usiutoe mbele ya mwalimu wa Hisabati siku ya kwanza, tafuta urafiki nae kwanza.

Gredi_Kumi_254

Salamu kutoka Kenya walimu. Kwetu nako sosholojia kwa jina lake haimo. Senior School ina njia tatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi za jamii, na sanaa na michezo, na hata ukichagua hiyo ya sayansi za jamii unapata Historia na Uraia, Jiografia, dini, lugha, Business. Mlango ninaotumia mimi ni CSL, ile ya huduma kwa jamii, mwanafunzi anatakiwa atambue tatizo la mtaani kwao akafanye kitu. Wengi wanakimbilia kuokota takataka wapige picha. Mimi nawaambia kabla ya kuokota keti hapo saa moja, uandike nani anatupa, saa ngapi, na kwanini hapo na si pale mbele ya kanisa. Wakirudi wanakuwa na maswali ambayo mimi mwenyewe sina majibu.

Mwl_Chaki ukihitaji karatasi za mfano, Cambridge wanayo Sosholojia ya A level, kodi yake 9699, shule za kimataifa zinaifanya na maswali ya nyuma yako mtandaoni. Yasome uone linavyoulizwa, ila mifano mingi ni ya Uingereza, familia ya baba mama na watoto wawili kwa nyumba moja. Mtoto wako aliyelelewa na nyanya na binamu saba atashangaa tu.

Mwl_Chaki

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, bando na midterm. Nimefanya Jumatano mbili sasa.

Ya kwanza walikuja 23, nadhani nusu ni kwa sababu mvua ilinyesha mpira haukuwepo. Sikutumia kadi ya harusi, niliogopa habari ya manila nikiri. Nikatumia sensa. Nikaandika ubaoni 61,741,120, hao ndo tulikuwa Watanzania 2022, wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Nikawaambia kila mtu aandike kwao wako wangapi, bila jina. Ikaja 9, 7, 11, 3, mmoja kaandika 14. Wakaanza kubisha kwamba serikali imekosea, nikasema subirini, kaya ni nini? Hapo vita ikaanza. Karani alikuwa anauliza waliolala hapo usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Mmoja akasema baba yake ni dereva wa malori, usiku ule alikuwa Tunduma, sasa kwao baba si wa kwao? Mwingine bibi yake analala nyumba ya nyuma ila wanapika chungu kimoja. Dakika 40 ziliisha hatujafika popote na hakuna aliyetoka.

Ya pili nikafanya alivyosema Mzee_wa_HKL. Nikampelekea mwalimu wa Jiografia dodoso walilotunga watoto, makusudi sikulisahihisha. Swali la tatu lilikuwa "Je familia yenu ni kubwa na ina upendo?" Akalishika kama ameshika nyoka, "hili ni maswali mawili ndani ya moja, na upendo unapima kwa kilo?" Nikamwambia njoo uwaambie wenyewe. Alikuja. Amekaa mpaka saa kumi na robo anawachorea majedwali, na kuondoka kaondoka na chaki yangu. Klabu yenyewe tumeiita Elimujamii, ahsante MtuWaPwani.

bibi_maendeleo

😂😂 huyo umempata. Mwakani ukipewa uhamisho atasema ni klabu yake.

Deiwaka_Msomi

Mi nataka kujua kitu kimoja, na dada wa kazi mlimhesabu?

Mwl_Chaki

Ndiyo lilikuwa balaa la Jumatano ya pili. Kwenye kaya kahesabiwa bila ubishi, kalala hapo, kala hapo. Nikauliza na kwenye familia? Wakagawanyika, wengine wanasema anamwita mama "mama" kwa hiyo ni familia, wengine wanasema mbona anakula jikoni. Wakapiga kura, 14 wakasema ni familia, 9 wakakataa. Halafu binti mmoja wa HKL, hakuwa amenyoosha mkono hata kidogo, akasema "sir, mimi likizo zote ndo dada wa kazi kwa shangazi yangu, sasa mimi mmenipigia kura gani?"

Mwalimu wa Jiografia aliweka chini ile chaki. Jumatano hii wameomba tuendelee kuanzia hapo.